Njia ya tramu ya St. Clair, Toronto: kilomita 7 zilikulaje miaka mitano?

Mkazi_wa_Kimara

Wakuu, heshima kwenu. Hapa Dar awamu za mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) zinaendelea kujengwa na kila barabara inayochimbwa swali ni lilelile: mbona haiishi? Kuna mradi wa Toronto, Kanada, unaotajwa sana panapozungumzwa ucheleweshaji wa aina hii, nao ni njia maalumu ya tramu (treni ndogo ya umeme inayopita barabarani) katikati ya barabara ya St. Clair, ruti namba 512. Inaanzia kituo cha treni ya chini ya ardhi cha St. Clair, karibu na Yonge, hadi Gunns Road upande wa magharibi. Urefu ni takriban kilomita 7. Baraza la jiji lilipitisha mradi 2004, kazi ikaanza 2005, na tramu zikafika mwisho wa njia mwishoni mwa Juni 2010.

Ninachotaka kuelewa: tramu zilikuwa zikipita pale tangu 1913. Reli zilikuwepo, nyaya zilikuwepo, barabara ni ya jiji. Fedha na wahandisi wanao. Muda umeliwa na nini hasa? Naomba jibu la hatua kwa hatua, maana "ni siasa" tumeshalisikia.

Ramani_na_Rula

Mkuu, siasa ilikuwepo lakini ilikula sehemu tu. Nitoe kwanza historia, kwa sababu wengi hawaijui. Tramu ya 1913 ilijengewa njia yake yenyewe katikati ya barabara, imetengwa na magari. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 utengano huo ulikuwa umeondolewa ili magari yapate nafasi, tramu ikaingia kwenye foleni pamoja na wengine. Kwa hiyo mradi wa 2004 ulikuwa unarudisha kitu kilichokuwepo. Isitoshe, reli za pale zilikuwa zimechoka na lazima zingeng'olewa tu. Hoja ya TTC, shirika la usafiri la jiji, ilikuwa ya kihasibu: kama tunachimba kwa vyovyote, tuijenge upya ikiwa imetengwa.

Sasa mahakama. Kundi la wakazi na wenye maduka lilipinga. Oktoba 2005, kazi ikiwa imeshaanza, jopo la majaji watatu liliamua kwamba mradi haukulingana na mpango mkuu wa jiji. Kazi ikasimama. Baadaye ikaonekana kwamba jaji mmoja kati ya hao alikuwa mwenyewe anahusika kupinga mradi mwingine wa jiji karibu na eneo hilo. Uamuzi ukatenguliwa, shauri likasikilizwa upya mbele ya majaji wengine, na Februari 2006 jiji likashinda. Ukihesabu ni miezi minne, lakini kwa nchi ya baridi miezi minne ikiangukia vibaya inakugharimu msimu mzima wa ujenzi. Zege halimwagwi ovyo joto likishuka chini ya nyuzi 5: lazima ulifunike na kulipasha joto, la sivyo maji yaliyomo yanaganda kabla halijashika na nguvu yake inapotea moja kwa moja. Desemba hadi Machi pale ni miezi ya kupanga zaidi kuliko kumwaga.

Baada ya hapo wakajenga vipande vipande. Yonge hadi kituo cha St. Clair West kilifunguliwa Februari 2007. Kipande cha kati, hadi kitanzi cha kugeuzia cha Earlscourt karibu na Lansdowne, kikafunguliwa Desemba 2009. Cha mwisho Juni 2010. Angalia pengo hilo kati ya kipande cha kwanza na cha pili, karibu miaka mitatu. Wakati huo kesi ilikuwa imekwisha zamani. Kwa hiyo anayesema mahakama ndiyo iliyochelewesha mradi hajaangalia tarehe. Jibu liko chini ya lami, na hapo namwachia Fundi.

Fundi_Zege

Asante mkuu. Reli yenyewe ndiyo kazi fupi kuliko zote pale. Kinachokula muda ni vitu vilivyozikwa chini yake.

Fikiria utakachokuta ukipasua barabara ya mjini yenye umri wa karne: bomba kuu la maji la chuma cha kalibu, bomba la maji taka, gesi, mikonga ya simu, mifereji ya nyaya za umeme, na mamia ya viunganisho vidogo vinavyoingia kila nyumba na kila duka. Kwa kuwa Toronto ardhi huganda hadi kama mita 1.2, bomba la maji huzikwa chini zaidi ya mita moja na nusu. Mtaro wa kina hicho huwezi kuuacha wazi bila kuushikilia pembeni. Na ramani za zamani haziaminiki. Bomba linaloonyeshwa mita mbili kutoka kingo ya barabara unalikuta mita tatu na nusu, au unakutana na jingine lililoachwa halitumiki lakini hakuna anayethubutu kulikata mpaka mwenye nalo aje athibitishe. Hapo kijiko (mashine ya kuchimba) kinazimwa na wafanyakazi wanasubiri.

Kwa nini usiyaache mabomba yalipo? Kwa sababu ukishamwaga zege la reli juu yake, siku bomba linapopasuka itabidi usimamishe tramu na kuvunja njia. Kwa hiyo huduma zinazopita chini ya reli huhamishwa pembeni au kubadilishwa kabisa kabla ya reli kulazwa. Kwenye basi ungetengeneza mchepuko kuzunguka shimo. Tramu haina mchepuko.

Pale St. Clair kukaongezwa kazi ambayo haikuwa ya tramu: kampuni ya umeme ya jiji kuzika nyaya zilizokuwa juu ya nguzo. Kuzika nyaya ni kuchimba mtaro mwingine, kulaza mifereji ndani ya zege, kujenga chemba, kuvuta nyaya, kuhamisha kila mteja mmoja mmoja, ndipo ung'oe nguzo za zamani. Na nguzo ikiwa bado imesimama mahali ambapo kingo mpya inatakiwa kupita, mtu wa kingo anasubiri. Hilo ndilo lililowachosha wenye maduka: mtaro unachimbwa, unafukiwa, unawekwa lami ya muda, kisha anakuja mwingine anauchimba tena.

Njia yenyewe hujengwa hivi. Unavunja zege la zamani na kutoa reli. Unachimba hadi udongo mgumu, unashindilia, unamwaga zege la msingi. Juu ya msingi unapanga mataluma ya chuma (vipande vya kulala chini ya reli kuzishikilia), unafunga reli kwa klipu, unasawazisha kimo na upana. Upana wa Toronto ni milimita 1,495 badala ya 1,435 za kimataifa, kwa hiyo vifaa vya kupimia na njia panda za reli hutengenezwa maalumu. Vipande vya reli huunganishwa kwa kuchomelewa viwe reli moja ndefu. Reli huvishwa mpira pande zote, kisha unamwaga zege la pili kufunika mataluma, na la tatu hadi usawa wa kichwa cha reli.

Huo mpira una kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza mtetemo, kwa sababu nyumba ziko karibu na zege likigusana na reli moja kwa moja hupasuka pembezoni. Ya pili ni umeme. Tramu inatumia volti 600 za mkondo mnyoofu (DC). Umeme unaingia kwa waya wa juu na kurudi kwa reli. Reli isipozuiliwa, sehemu ya mkondo huvuja ardhini, hufuata bomba la chuma lililo karibu, na pale mkondo unapotoka kwenye bomba hula chuma. Bomba jipya ulilolitandika kwa gharama kubwa linaweza kutoboka likiwa bado changa.

Na faida ya kumwaga tabaka tatu ni kwamba reli zikilika baada ya miongo miwili na ushee, unavunja tabaka la juu tu. Msingi na mataluma vinabaki. Njia nyingi za Toronto zilizojengwa kabla ya mtindo huu ziliwekwa kwenye mataluma ya mbao ndani ya zege, reli bila kuchomelewa vizuri. Kila kiungo kilipigwa na magurudumu, mbao zikaoza, zege likamong'onyoka mapema. Kwa hiyo muda uliotumika kwenye msingi pale St. Clair mimi siuhesabu kama ucheleweshaji hata kidogo.

Mkazi_wa_Kimara

Nimekuelewa kabisa. Lakini kama inajulikana kuna maji, gesi, umeme na reli, kwa nini wasichimbe mara moja wote wakiwa pamoja? Na gharama je?

Ramani_na_Rula

Hilo ndilo swali lililoulizwa na jiji lenyewe. Mwanzoni mwa 2010 ilitoka ripoti iliyoandikwa na wataalamu wa usafiri Les Kelman na Richard Soberman kwa ajili ya TTC, ikichambua nini kilikwenda kombo. Jambo zito humo ni kwamba mradi haukuwa na mwenye amri mmoja. TTC ilikuwa na sehemu yake, idara ya barabara ya kwake, maji ya kwao, kampuni ya umeme ya kwake. Kila mmoja na bajeti yake, mkandarasi wake na ratiba yake. Mmoja akichelewa wiki tatu, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumhamisha mwingine ajaze pengo. Na usanifu uliendelea kubadilika kazi ikiwa inaendelea: miti, upana wa njia za waenda kwa miguu, maegesho, taa za mapambo. Kila badiliko ni mchoro mpya, bei mpya, majadiliano mapya na mkandarasi.

Gharama zilianza kwenye makadirio ya chini ya dola milioni 50 za Kanada na kuishia takriban milioni 106. Lakini tuwe waangalifu hapa. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni kazi zilizobebeshwa mradi njiani. Ukizika nyaya za umeme na kupanua kazi za barabara kisha ukaandika zote kwenye hesabu ya "njia ya tramu", bila shaka tramu itaonekana ghali. Kosa ni kutangaza namba ya kwanza kabla wigo haujafungwa, kisha kuwaacha wananchi walinganishe vitu viwili tofauti.

Kuna jambo moja walilifanya vizuri, nalo halisemwi. Mwaka 2005 waliruhusu abiria wa ruti 512 tiketi ya saa mbili: unashuka, unaingia dukani, unapanda tena kwa nauli ileile. Ilikuwa njia ya kuwasaidia wenye maduka wakati wa ujenzi. Utaratibu huo ulipendwa, na Agosti 2018 ukaenezwa kwa jiji zima kwa wanaotumia kadi.

Nyaya600

Niongeze upande wa uendeshaji, kwa sababu kutenga njia peke yake hakutoshi. Kuna mambo mawili pale yaliyopunguza faida.

Kwanza taa. Kanada magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo pale hukunja kushoto au kugeuza kwenye taa tu, na huvuka reli. Ili kupata nafasi, kwenye makutano mengi njia ya kukunja iko kabla ya makutano na jukwaa la abiria liko baada ya makutano, upana uleule ukitumika mara mbili. Kwa karatasi ni usanifu safi. Lakini kama taa haiipi tramu kipaumbele cha kweli, tramu inasimama kwenye nyekundu, inavuka, kisha inasimama tena mita chache mbele kushusha abiria. Ukiwa na jukwaa baada ya makutano lazima kitambuzi kiione tramu mapema na kurefusha kijani, na awamu ya wanaokunja isiitangulie tramu kila mara. Vifaa vikiwekwa bila kuwashwa ipasavyo, sekunde ulizonunua kwa zege unazirudisha kwa taa.

Pili ni daraja la reli upande wa magharibi, kati ya Old Weston Road na Keele. Barabara inapita chini ya reli ya treni kubwa, na nguzo za daraja hazikuhama. Walipotenga njia mbili za tramu, magari yakabaki na njia moja kila upande. Foleni yake inajulikana. Kupanua pale ni kujenga daraja jipya huku treni zikiendelea kupita juu, kazi ya bajeti nyingine kabisa, na ndiyo maana mradi uliliacha.

Pamoja na hayo, tramu sasa zinafika kwa vipindi vinavyotabirika kuliko zamani, na tramu mpya za mita 30 zilizoanza kwenye ruti hii 2017 zisingefanya kazi vizuri zikiwa zimenaswa nyuma ya gari lililoegeshwa.

Mkazi_wa_Kimara

Basi kwa mwendokasi wetu, lipi linafanana na lipi halifanani?

Fundi_Zege

Yasiyofanana: hakuna baridi, hakuna reli ya kuvujisha umeme, na basi linaweza kutolewa kwenye njia yake kwa siku chache bomba likipasuka. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9, ilianza kutoa huduma Mei 2016, na urefu wake ni karibu mara tatu ya St. Clair.

Yanayofanana ni mabomba, nguzo na nyaya za watu wengine. Ukipata nafasi kwenye mkutano wa wadau wa awamu yoyote, uliza haya kabla mkandarasi hajaleta kijiko: mashimo ya majaribio yamechimbwa kila umbali gani kuthibitisha ramani za mabomba? Kuhamisha huduma kumo ndani ya mkataba wa barabara au kila taasisi itakuja na mkandarasi wake? Nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mmoja ili mwingine apite? Na ni mita ngapi zinaruhusiwa kuwa wazi kwa wakati mmoja kabla kipande kilichotangulia hakijafungwa? Hilo la mwisho lisipoandikwa kwenye mkataba, mkandarasi atafungua barabara nzima, kwa sababu kwake ni rahisi kuchimba kuliko kumaliza.