Kumcha Mungu ndiko kumwogopa Mungu? Naomba tujadili

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naleta hoja hii nikiwa na uchungu, mnivumilie.

Binti yangu wa miaka minane alirudi kutoka shule ya Jumapili, hapa hapa Mbeya, usiku akakataa taa isizimwe. Mwalimu amewaambia kwamba Mungu anawaona hata chini ya blanketi na ameshawaandalia moto watoto waongo. Kwa baridi yetu hii mtoto huyu hujifunika gubigubi. Usiku ule alilala kichwa nje, anatetemeka, kisa asije Mungu akadhani anajificha.

Nilimfuata mzee mmoja wa kanisa. Akanijibu: "Mama, mtoto asipoogopa ataharibika. Kumcha Bwana ni mwanzo wa hekima." Namheshimu, na hoja yake si ya kupuuza. Yesu mwenyewe katika Mathayo 10:28 anasema tumwogope yule awezaye kuangamiza mwili na roho pia katika jehanamu. Mstari huo siufuti. Lakini teremka mistari mitatu tu: "Msiogope basi, bora ninyi kuliko mashomoro wengi." Anawaambia watu wale wale! Na Musa pale Sinai, Kutoka 20:20, watu wamerudi nyuma kwa ngurumo na moshi, anawaambia wasiogope, kisha papo hapo anasema Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yao wasitende dhambi. Basi kuna hofu ya kukimbia, na kuna hofu inayokufanya usimame.

Hiyo ya pili ndiyo Kiswahili kinayoiita kucha. Ukisikia fulani ni mcha Mungu, humfikirii mtu mwoga. Mimi namfikiria mama mmoja ninayenunua kwake viazi Mwanjelwa. Kuna wauzaji ambao sado zao, vile vindoo vya kupimia, zimebonyezwa kwa chini, ya kwake imenyooka. Siku moja nilimzidishia elfu tano bila kujua. Wiki iliyofuata, hata salamu hatujamaliza, akaifungua kanga pindoni akanirudishia. Nani angemjua? Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo, halafu inamalizia, "bali umche Mungu wako." Kiziwi hasikii, kipofu haoni. Hapo kinachokuzuia ni uchaji tu.

Wanyakyusa wenzangu, mnakumbuka mkamwana wa zamani. Akimwona baba mkwe anakuja, anapisha njia na kuficha uso. Si kwamba mzee angempiga, ilikuwa heshima. Wamisionari Wamoravian walipofika kwetu Rungwe mwaka 1891, desturi hiyo waliikuta. Nahofia wengi wetu tumemweka Mungu mahali pa baba mkwe: tunamheshimu kwa kumkwepa. Ila Warumi 8:15 inatuita wana, tunalia Aba, yaani Baba. Binti wa kuzaa anamheshimu baba yake huku wanaota moto pamoja.

Mstari ulionigeuza mimi ni Zaburi 130:4: "Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe." Nimeusoma mara nyingi. Ningetegemea iandikwe kwako kuna adhabu. Imeandikwa msamaha! Mtu aliyesamehewa deni kubwa hathubutu kumchezea aliyemsamehe, na wala hamkimbii.

Kwa hiyo sisemi watoto wasifundishwe hukumu. Nasema wakianza na moto kabla hawajamjua Baba, tunawafundisha kujificha, kama Adamu kwenye miti ya bustani. Anayeona nimekosea anijibu kwanza kwa hiyo Zaburi. Na ninyi mliofundisha shule ya Jumapili miaka mingi, Iringa, Njombe, Tukuyu, mtoto wa miaka minane mlimwanzishia wapi, Sinai au Aba? Kwangu taa bado inawaka usiku kucha.