Mafuta, umeme au ujenzi: uhandisi upi unalipa? Udahili unafungwa Ijumaa

Mto_Pangani: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Uhandisi wenye pesa ni upi: mafuta na gesi, umeme, madini au ujenzi? Tunajaza Ijumaa.

Fundi_Sanifu: Mkuu, umeacha mambo ya msingi. Hisabati na fizikia kapata ngapi? Ada analipa nani, au mnategemea mkopo wa serikali wa HESLB? Yuko tayari kukaa kambini wiki kadhaa bila kurudi nyumbani? Bila majibu hayo kila mtu atakutajia fani yake tu.

Bomba24: Mafuta na gesi. Bomba la Hoima hadi Chongoleani ni kilomita 1,443, na mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, hivyo lazima yapashwe joto njia nzima. Hapo kuna kazi ya pampu, umeme, kutu na uchomeleaji.

Nondo16: @Bomba24 tenganisha kujenga na kuendesha. Wakati wa kujenga wanatakiwa wachomeleaji na wakaguzi wengi. Mafuta yakianza kutembea wanabaki wachache kwenye chumba cha udhibiti na vituo vya pampu. Tena bei ikishuka, ajira zinasimama: katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, Januari 2016 likawa chini ya 30. Asome uhandisi mitambo. Huyo anaingia kwenye mafuta, saruji, sukari na mgodini pia.

Bomba24: Mkaguzi wa uchomeleaji mwenye cheti cha CSWIP hahangaiki, bomba likiisha anahamia tanki au meli.

Nondo16: Cheti hicho hakidai shahada ya mafuta. Ndiyo hoja yangu.

Waya_Ngao: Umeme, lakini abobee kwenye instrumentesheni (vipimo vya viwandani) na otomesheni (mitambo kujiendesha). Niwape kisa cha kiwanda kimoja cha kusaga mawe, sikitaji. Kipimo cha presha kilikuwa kinaruka kila mota kubwa inapowashwa, kinu kinajizima. Wakabadilisha transmita, yaani kifaa kinachopima presha na kutuma ishara, mara mbili, tatizo likabaki palepale. Transmita ya bar 0 hadi 10 inatuma miliampia 4 hadi 20, kwa hiyo bar 5 lazima isome 12. Inaanzia 4 na siyo 0 ili waya ukikatika ujulikane, usidhaniwe kuwa presha imeisha. Walipoweka mita mfululizo kwenye waya, mota ikiwa imezimwa ilisoma 12 sawasawa. Ikiwashwa, namba zinacheza. Transmita ilikuwa nzima. Waya wa ishara ulilazwa trei moja na kebo za VSD (kifaa cha kubadili kasi ya mota), na ngao yake, ule wavu wa chuma unaouzunguka, imefungwa ardhini pande zote mbili, hivyo mkondo ukawa unazunguka ndani ya ngao. Wakafungua ngao upande wa transmita, wakaacha upande wa paneli tu, wakahamishia waya trei yake. Kimya. Siku zote zile uzalishaji ulisimama kwa waya mmoja, na anayeweza kuliona kosa hilo ndani ya saa moja halipwi kidogo.

Zege_M25: Ujenzi msiudharau, ila pesa iko kwa mwenye kampuni. Unaanzia daraja la saba CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Kinachoua makandarasi ni mtaji: unanunua saruji leo, kazi inapimwa mwisho wa mwezi, hati ya malipo inasubiri saini ya mhandisi mshauri, na sehemu ya malipo inazuiliwa hadi muda wa matazamio (wa kurekebisha kasoro) uishe. Usiingie bila akiba.

Fundi_Sanifu: Fani yoyote, akihitimu ajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, mara moja, aingie SEAP, mafunzo yao ya vitendo ya miaka mitatu. Kila kazi aiandike kwenye kitabu na msimamizi asaini palepale. Wengi husubiri mradi uishe, msimamizi kashahama, saini hazipatikani.

Mto_Pangani: Samahani wakuu. Hisabati C, fizikia B. Tunategemea mkopo. Na yeye anataka abaki Dar.

Nondo16: Hilo la Dar ungelisema mwanzo! Madini yameshatoka.

Bomba24: Hata Tanga tu hataki?

Waya_Ngao: Viwanda vya Dar vina otomesheni ya kutosha. Aanze sasa hivi kwa CODESYS, programu ya kuandikia PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo), ni bure na ina simulesheni.

Zege_M25: Bora anunue PLC iliyotumika Kariakoo, mkono uzoee waya.

Waya_Ngao: Sawa, ila asome lebo. S7-1200 ya Siemens inaunganishwa kwa kebo ya kawaida ya mtandao na inatumia programu ya TIA Portal. S7-200 ya zamani TIA Portal haiitambui, inataka programu ya Micro/WIN na kebo yake maalumu ya PPI. Ikiandikwa DC/DC/DC inakula volti 24. Ukiipa 230 umeiua. AC/DC/RLY ndiyo ya 230. Na aiombe iwashwe dukani, nyingine zina nywila ya mwenye kiwanda.

Mto_Pangani: Ubarikiwe. Iliyotumika inaendaje bei siku hizi?