Tupeane uzoefu: dawa ya kienyeji ya maumivu iliyokusaidia, au iliyokuponza

Jirani wa Kondele: Jumapili nilipita soko la Kibuye, Kisumu, nikamsikia muuzaji akinadi mafuta ya chatu kwa kipaza sauti, nikamkumbuka nyanya yangu, ambaye kila mawingu yalipotanda juu ya ziwa aliniita nimsugue magoti kwa mafuta hayo hayo hadi apate usingizi. Ninyi wenzangu mlitumia nini?

Mkulima wa Njoro: Kwa jino, gome la mti wa muthiga. Huwasha ulimi kama pilipili, kisha maumivu hutulia.

Binti Mulembe: Mimi nitasema ya baba, ingawa bado yananiuma. Magoti yalimsumbua miaka mingi, na mwaka juzi alinunua sokoni Kakamega unga wa kahawia alioambiwa ni mizizi mitupu. Siku ya tatu alitembea bila mkongojo, na sote tukamsifu muuzaji. Mimi mwenyewe ndiye niliyetuma pesa za makopo mengine manne. Baada ya miezi michache uso wake ulijaa ukawa mviringo, nasi tukasema amenawiri. Usiku mmoja akaniambia choo chake ni cheusi kama lami, na kabla hatujapata gari akatapika damu kwenye beseni nililokuwa nimelishika. Aliongezewa damu. Daktari alituuliza kama ule unga haukuwa umechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, yaani diklofenaki ya maumivu na steroidi za kupunguza uvimbe, kwa maana diklofenaki huweza kutoboa tumbo na steroidi huweza kuvimbisha uso, lakini hakuweza kuthibitisha kwa sababu kopo la mwisho lilikuwa tupu.

Jirani wa Kondele: Pole sana, dada. Mzee anaendeleaje?

Binti Mulembe: Yupo. Mkongojo umerudi.

Mjukuu wa Mganga: Pole, lakini huyo alikuwa tapeli, si mganga, na msitumie kisa chake kuwatukana wazee wetu. Aspirini mnayoimeza ina asili katika gome la mti wa Ulaya, na hata wanyama wana dawa: sumu ya konokono wa baharini ndiyo iliyowaonyesha wanasayansi ziconotide, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Mfamasia Mstaafu: Ni kweli, ndugu yangu, ila hiyo huingizwa kwa kipimo katika maji ya uti wa mgongo, haiuzwi kwenye chupa ya soda. Kuhusu mafuta ya chatu, ninashuku kwamba nyanya alitulizwa zaidi na mikono ya mjukuu. Mafuta mengine ya kuchua hutiwa pilipili, ambayo kapsaisini yake, yaani kile kinachowasha, huchosha mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu. Karafuu nayo ninaiheshimu, kwa kuwa yujenoli iliyomo hutumiwa hata na madaktari wa meno.

Kijana wa Boda: Mimi mgongo ukiuma ninapaka yote mawili, karafuu na pilipili. Msiguse macho baadaye. Niliegesha pikipiki kando ya barabara nikalia nusu saa, abiria akidhani nimefiwa.

Mkulima wa Njoro: Mbona usitafune muthiga tu?

Mfamasia Mstaafu: Kwa mgongo, mzee?

Mkulima wa Njoro: Angalau hautampofusha.

Jirani wa Kondele: Binti Mulembe, muuzaji huyo bado yuko sokoni?

Binti Mulembe: Yuko. Wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza kama baba anahitaji kopo jingine.