Naombeni ushauri: niende Cape Town nikasomee mapafu ya watoto au nianze PhD hapahapa?

Wakuu habari zenu. Mimi ni daktari, nimemaliza MMed (shahada ya ubingwa) ya watoto Muhimbili ile miaka 3, sasa niko hospitali moja ya mkoa. Kinachonivuta ni mapafu ya watoto, yani nimonia, pumu, TB, hawa njiti wanaohangaika kupumua, sasa kila wiki namkuta mtoto yuleyule wa pumu karudi tena, kapewa salbutamo ya maji tu (dawa ya kufungua kifua), inhela ile ya kuvuta kwa mdomo hana maana mama anaogopa eti itamzoesha, natoka wodini najiuliza hivi mbona hatulifanyii utafiti hili tunazima moto tu kila siku.

Nimewaza niombe nafasi hospitali ya watoto ya Red Cross, Cape Town, wanafundisha madaktari wa Afrika ubingwa bobezi wa kifua cha watoto, na Prof Heather Zar yuko huko, yule wa utafiti wa Drakenstein wanaofuatilia watoto tangu wakiwa tumboni. Au nianze PhD hapahapa. Ila nina watoto wawili, waifu kashasema Cape Town haendi (mara baridi, mara wezi), na mkopo wa bodi bado unakatwa.

Mliopita huko, muda wa wagonjwa na wa kuandika maombi ya granti (hela za utafiti) mnaugawaje? Bosi wangu anasema utafiti ni wa wenye nafasi. Na ukirudi na ubingwa huo unapewa kliniki yako kweli au unarudishwa kuona malaria kama kawa? Hata mkinichana sawa tu.