Jumapili na watoto wawili, mbwa mmoja na shilingi elfu kumi: hapa Dar tunaenda wapi?

MamaNeema

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naomba ushauri na msinicheke.

Mume wangu alikuwa mtunza bustani kwa Mholanzi mmoja huko Masaki. Bosi amerudi kwao, katuachia mbwa, anaitwa Max. Ni mkubwa, mpole, ila alizoea kutembezwa kila siku alfajiri. Sasa yuko Mwananyamala kwenye uwanja wa wapangaji sita. Anachimba mashimo, anabweka usiku, na jirani mmoja keshaanza maneno. Neema ana miaka tisa, mdogo wake mitano, na wao Jumapili ni televisheni tu mpaka jioni. Nataka siku moja kwa wiki tutoke wote, Max akiwemo.

Hatuna gari. Bajeti ni elfu kumi, ikizidi sana kumi na mbili. Nimeuliza sehemu mbili tatu za kuchezea watoto: kiingilio cha watu wanne tu kinamaliza hela, na mbwa wamekataa kabla sijamaliza sentensi. Wenye familia na mbwa mnafanyaje?

Mgosi_wa_Tanga

Mama Neema, mbwa ni wa kulinda. Mchana analala, usiku anafanya kazi. Ukianza kumpeleka matembezi, mwezi ujao atadai na soda.

SeremalaMsasani

Mgosi, muache dada apate jibu.

Mama Neema, mimi nina watoto watatu na mbwa jike wa kienyeji, Popi. Jumapili zetu ni Coco Beach, lakini asubuhi. Kile unachokijua cha Jumapili jioni, muziki, pikipiki na watu hadi huoni mchanga, hakifai mtoto wa miaka mitano wala mbwa. Asubuhi ni pwani nyingine kabisa. Utakuta wanaokimbia, wavuvi wachache na sisi, na kiingilio hakuna.

Usiende kwa kufuata saa, nenda kwa kufuata maji. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanafika saa nne maji yamejaa mpaka juu, watoto wanabanwa kwenye mawe, kila mtu ananuna. Angalia kalenda ya mwezi wa Kiislamu, ile ya ukutani inatosha. Kuanzia tarehe mosi hadi tatu, na kumi na tano hadi kumi na saba, ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka sana. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi alfajiri, halafu yanatoka mpaka saa nne asubuhi. Ukifika saa moja na kitu unayakuta yanaondoka, na kila dakika unaongezewa uwanja. Mchanga wenyewe umelowa, ni mgumu, mbwa anakimbia bila kuzama na watoto wanachora. Kaa wadogo wanatoka mashimoni na hiyo peke yake ni burudani ya saa nzima. Tarehe nane na ishirini na mbili ni kinyume, maji yanajaa saa nne asubuhi. Jumapili ikiangukia hapo, sisi tunakaa nyumbani au tunaenda Daraja la Tanzanite. Kila siku muda unasogea mbele karibu dakika hamsini, kwa hiyo ukishaijua siku moja zilizobaki unazipigia hesabu.

Kufika: daladala sahau, konda hamkubali mbwa. Bajaji wapo wanaokubali ukitandika khanga kuukuu kwenye kiti, ila wanakupandishia bei. Kutoka Mwananyamala mnatembea. Tokeni saa kumi na mbili, pitieni Morocco, fuateni barabara ya Ali Hassan Mwinyi mpaka kanisa la Mtakatifu Petro, halafu ingieni Oysterbay ambako kuna miti na magari machache asubuhi. Max huko atajiona karudi kwao. Kurudi ndiko kwenye kazi, jua limepanda na mdogo kachoka. Mgawane: wewe na watoto pandeni daladala zinazotoka Masaki, Baba Neema arudi na mbwa kwa miguu. Nauli yenu ndiyo karibu gharama yote ya siku.

Chakula bebeni. Chapati za jana, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa. Wauza mihogo huwa bado hawajawasha moto vizuri saa hizo, lakini mkichelewa kidogo mnapata sahani moja ya kugawana, na pilipili yao muiweke mbali na mdogo. Maji bebeni dumu la lita tano, na kopo la Max. Akinywa maji ya bahari ataharisha njia nzima, na aliye naye ni mumeo.

Kitu cha kuogopa pale si bahari peke yake. Jumapili asubuhi pwani imebeba mabaki ya Jumamosi usiku: vijiti vya mishikaki, mifupa, vipande vya chupa. Vijiti vile vinanukia nyama na mbwa anavimeza vizima. Kwa hiyo kamba haitoki mkononi mpaka umeshakagua eneo, na watoto wabaki na ndala mpaka mfike kwenye mchanga uliooshwa na maji. Kinyesi chake okoteni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi natumia gazeti kuukuu, naenda nalo mpaka kwenye pipa. Ukiacha pale, siku moja mwenye mbwa atafukuzwa ufukweni na atastahili.

BintiUpanga

Naongeza jambo ambalo fundi hajaligusa. Mimi ni Muislamu na natembea pale asubuhi na mama yangu. Hatuna ugomvi na mbwa. Tabu yetu ni mate na manyoya yaliyolowa. Kwa sisi Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mbwa mkavu akipita na kukugusa kwenye nguo kavu hakuna neno, lakini akilowa akakugusa, pale unatakiwa uoshe mara saba na moja iwe kwa udongo. Sasa mbwa aliyetoka baharini hufanya nini? Anakuja mpaka katikati ya watu ndipo anajitikisa! Mama yangu alirushiwa hivyo akiwa na buibui safi, ikabidi turudi nyumbani.

Kwa hiyo dada, akitoka majini mshikeni kwa kamba mpaka ajitikise na kukauka, ndipo mpite penye watu. Na wafundishe watoto wasiseme "haumi huyu" kwa mtu anayejivuta pembeni. Si kila anayekwepa anaogopa kung'atwa. Hata huyo jirani anayesema maneno, huenda shida yake ni hiyo hiyo, hasa kama bomba la maji mnatumia pamoja.

MifugoTemeke

Nafanya kazi ya mifugo. Kabla ya pwani: Max ana cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa? Bosi bila shaka alikuwa nacho, mwambie mumeo akitafute. Chanjo inarudiwa kila mwaka. Kama imepita, nenda kwa afisa mifugo wa kata. Karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huchanja bure.

Watoto wajue kutokugusa mbwa wasiowajua, na Max asichanganywe na mbwa wanaozurura pale. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Mbwa pia hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Weka nyuma ya kiganja kwenye mchanga mkavu. Ukishindwa kukiacha hapo, miguu yake nayo inaungua. Saa tatu na nusu muwe mnaondoka.

Kigamboni_Moja

Kwa siku za maji kujaa, tembeeni Daraja la Tanzanite. Lilifunguliwa 2022, linatokea upande wa Aga Khan linaingia Coco Beach, urefu ni kilomita moja na kidogo, na lina njia ya waenda kwa miguu. Upepo wake mtamu alfajiri. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote.

Sisi wa huku tuna Daraja la Nyerere, mita 680, mwenye miguu halipi. Ila kwako ni mbali. Mbudya na Bongoyo usijaribu: ni hifadhi za bahari, kuna kiingilio na nauli ya boti, elfu kumi inaishia gatini.

MamaNeema

Jamani asanteni. BintiUpanga, umenifungua macho. Bomba ni moja kweli, na Max huwa analamba ile ndoo. Jirani ni mama mtu mzima, anaswali. Leo nimemnunulia Max beseni lake nikalihamishia nyuma ya choo, na nimemwomba mama radhi. Kajibu "haya mwanangu", sijui kapoa au vipi.

Cheti kipo, kinaisha mwezi wa kumi na moja. Nimeangalia kalenda, Jumapili ijayo ni tarehe kumi na sita. Fundi, hiyo si bamvua? Halafu kamba: alikuja na ile ya kujivuta yenyewe ya kizungu, imekatika. Nitumie nini?

SeremalaMsasani

Kumi na sita safi kabisa. Saa nne na kitu maji yatakuwa mbali.

Kamba nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba ya manila, unene wa kidole kidogo, mita tatu. Usichukue nyembamba, Max akivuta itamkata Neema viganja. Funga kitanzi cha kuingiza mkono upande mmoja, upande wa pili uweke ndoano ya chuma ya kubana kwenye mkanda wake wa shingo. Vyote havikutoi elfu nne. Na Neema asimshike peke yake kwenye barabara ya Toure pale mnapovuka kuingia pwani. Akiona bahari huyo, hasimami kwa mtoto wa miaka tisa.

Mgosi_wa_Tanga

Mama Neema, mkienda mtuambie. Nina mbwa hapa Kimara anabweka na yeye. Nauliza tu.