Paipulaini inaonyesha kijani lakini ndani ya logi testi imeanguka. Wakuu nisaidieni kabla ya Jumatatu

Kijana wa Mwenge

Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa kwenye daladala, tumekwama Ubungo hapa karibu nusu saa, kwa hiyo makosa ya herufi mtanivumilia.

Nina miezi minane kwenye ofisi ndogo, waandika kodi (maagizo ya programu, siyo ya TRA) tuko watatu tu. Tuna programu ya vikoba. Mwanachama analipa hisa kila Jumatatu kwa simu, Jumanne asubuhi mfumo unapitia orodha, na asiyeonekana anapigwa faini ya 2,000. Kodi iko GitHub, mtandao wa kuhifadhi kodi. Tukisukuma mabadiliko, mashine inajenga, inaendesha testi (vijaribio vya kuhakiki kodi), halafu inapandisha kwenye seva yenyewe. Hiyo paipulaini aliitengeneza jamaa aliyeondoka kabla sijaajiriwa, na ukweli ni kwamba sisi tunaangalia ile tiki tu. Ikiwa kijani tunaenda kula.

Leo mchana mweka hazina wa kikundi kimoja cha Mbagala kapiga simu amewaka kweli kweli. Mwanachama wake ni nesi wa zamu ya usiku, amelipa, meseji ya muamala anayo, na bado kapigwa faini wiki mbili mfululizo. Nikafungua logi, yaani kumbukumbu ya kila kilichofanywa na mashine. Mistari 9,000 na ushee. Katikati huko nikakuta:

`Tests: 1 failed, 213 passed, 214 total`

Na chini yake, tiki ya kijani! Nikarudi nyuma bildi kwa bildi (kila mara mashine ilipojenga) hadi Jumapili ya wiki iliyopita, siku kumi na moja, kote ni vilevile. Kwenye laptopu yangu testi zote 214 zinapita, nimerudia mara tatu.

Inawezekanaje testi ianguke halafu kazi ihesabike imefaulu? Na hivi vidudu `[31m` na `[0m` vilivyojaa kwenye logi ni nini? Bosi anataka maelezo Jumatatu na nahisi anatafuta wa kumtoa kafara.

Naweka faili ya paipulaini hapa chini.

*[Faili imeondolewa na mwandishi, soma jibu la BintiKigamboni]*

---

Chapati Mbili

Kijani nje, nyekundu ndani. Mkuu hiyo siyo tiki, ni tikitimaji.

---

BintiKigamboni

Mdogo wangu, acha kila kitu, hariri hiyo posti SASA HIVI. Mstari wa nne wa faili yako una tokeni ya seva, yaani ufunguo wa kuingilia, imeandikwa waziwazi kabisa.

Na ukishaifuta hapa usidhani umemaliza. Ingia kwenye seva uifute na utoe mpya, maana hujui nani ameshainakili. Hii siyo tokeni ya luku kwamba tarakimu 20 ukishaziingiza zimekwisha kazi. Hii mwenye nayo anaingia leo, anaingia kesho, anaingia na sikukuu. GitHub ina sehemu ya kuhifadhi siri, ukiiweka huko logi inaonyesha nyota tatu badala ya tokeni. Aliyewatengenezea aliibandika moja kwa moja kwenye faili, ndiyo maana haikufichwa. Na hata ukiificha, usiigeuze kwa base64 (namna ya kuandika data kwa herufi nyingine) halafu uichapishe. Ile nyota inafunika maandishi kama yalivyohifadhiwa, ukiyabadilisha umbo haiyatambui.

Ukimaliza hilo ndiyo tuongee.

---

Kijana wa Mwenge

Dada nimeshuka kwenye gari kwa ajili ya hilo. Nimekaa kwa muuza kahawa, tokeni ya zamani imefutwa. Asante sana, mikono bado inatetemeka.

---

Mzee wa Seva

Pole kijana. Faili nzima siihitaji. Nipe mstari mmoja tu, ule unaoendesha testi.

---

Kijana wa Mwenge

Shikamoo mzee. Ni huu:

`npm test 2>&1 | tee matokeo.txt`

---

Mzee wa Seva

Marahaba. Basi mwizi tumempata, ni kile kimstari cha wima.

Kila amri kwenye Linux ikimaliza inaacha namba. 0 ni salama, nyingine yoyote ni tatizo. GitHub haisomi logi yako. Testi iandike "nakufa" mara elfu moja, haina habari nayo, yenyewe inauliza namba tu. Sasa ukiziunga amri mbili kwa bomba, yaani hicho kimstari, namba inayohesabika ni ya amri ya mwisho peke yake. Ya mwisho kwako ni `tee`, ambayo kazi yake ni kunakili maandishi kwenye faili. Imenakili habari za msiba neno kwa neno, haikukosea hata nukta, ikarudi na 0. Umetuma watu wawili sokoni, mmoja kaibiwa hela yote, halafu ukamuuliza aliyebeba kikapu kitupu: vipi, salama? Salama mzee.

Chini ya hatua hiyo ongeza `shell: bash`. Najua utasema mbona tayari inatumia bash (ganda, yaani programu inayosoma amri). Usipoandika kitu, kwenye mashine zao za Linux GitHub inaendesha `bash -e` tu. Ukiandika `shell: bash` kwa mkono wako, inaendesha na `-eo pipefail`, na hapo amri yoyote ndani ya bomba ikianguka, hatua nzima inaanguka nayo. Tofauti hiyo imenila wikiendi nzima mwaka fulani, sisemi upi.

Kwa wanaotumia vyombo vingine, andikeni `set -o pipefail` mwanzo wa skripti, ilimradi ganda lenu ni bash.

Halafu tafuta maneno mawili kwenye faili yote: `continue-on-error` na `|| true`. Hayo yanaruhusu kazi iendelee hata kosa likitokea. Ni mazulia, watu wanafagilia uchafu chini yake.

---

Chapati Mbili

"Sisemi upi" 😂 mzee umeumia wewe.

---

BintiKigamboni

Naongezea kwenye vidudu. `[31m` ni amri ya kupaka maandishi rangi nyekundu, `[32m` ni kijani, `[0m` ni kurudisha rangi ya kawaida. Kwenye skrini ya kawaida huzioni, unaona rangi. Kwenye faili la maandishi zinabaki uchi. Hazina ubaya.

Na logi ndefu usiisome kama gazeti. Pakua logi ghafi, tafuta neno FAIL au kile kidoti kikubwa cheusi ambacho Jest (programu ya kuendesha testi) inakiweka mbele ya testi iliyoanguka, anzia kosa la KWANZA. Makosa ya chini mara nyingi ni watoto wa lile la juu. Ukianzia mkiani utapiga mbio na watoto siku nzima.

Hiyo logi itunze pia kwa ajili ya bosi. Kama hamjabadilisha mipangilio, GitHub inazihifadhi siku 90 halafu zinapotea.

---

Tajiri wa Msasani

Samahani kudandia, bildi yangu mimi inakufa katikati na logi haisemi chochote, mwisho inaandika 137 basi. Leo inapita, kesho inakufa, kodi ileile. Nimebadilisha mtandao mara mbili.

---

Mzee wa Seva

Mtandao hauhusiki. Namba ikizidi 128, toa 128. Inabaki 9, maana yake kuna aliyeiua programu kwa nguvu bila kuipa nafasi ya kuaga, ndiyo maana logi imekatika ghafla. Mara nyingi ni memori imejaa na mfumo umechagua wa kumtoa. Ungeona 143 ingebaki 15, hiyo imeombwa itoke kistaarabu, kwa mfano kazi ikisitishwa. Punguza idadi ya testi zinazokwenda kwa pamoja, au tafuta mashine yenye memori kubwa zaidi.

---

Kijana wa Mwenge

Wakuu nimefika nyumbani, nimeweka `shell: bash`, nimesukuma. NYEKUNDU! `Process completed with exit code 1.` Mimi ni Yanga damu lakini leo nyekundu nimeishangilia, majirani wamegonga ukuta.

Testi inayolia ni hii, aliiandika huyohuyo jamaa aliyeondoka:

`● malipo ya usiku wa kuamkia Jumatatu yahesabiwe Jumatatu`
`Expected: "Jumatatu"`
`Received: "Jumapili"`

Kwenye laptopu inapita. Hapo ndipo sielewi.

---

BintiKigamboni

Nesi wako alilipa saa ngapi?

---

Kijana wa Mwenge

Meseji inasema 02:15. Saa nane na robo usiku, akiwa zamu.

---

BintiKigamboni

Sawa. Mashine za GitHub ziko kwenye saa ya UTC, saa ya rejea ya dunia, na sisi Dar tuko mbele kwa masaa matatu, mwaka mzima hatubadilishi. Saa nane na robo usiku ya kwetu, kwao ni 23:15, na bado ni Jumapili. Laptopu yako iko saa ya Dar, kwa hiyo hailioni tatizo. Andika hivi kwenye laptopu (TZ ni saa ya eneo) halafu uniambie:

`TZ=UTC npm test`

Kama seva yenu nayo iko UTC, basi kila anayelipa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu anasomeka amelipa Jumapili, yaani wiki iliyopita, na Jumanne anakula faini. Walinzi, manesi, madereva wa usiku, wote.

Bibi yangu wa Bagamoyo hata asingeelewa mjadala huu. Kwake Jumatatu imeshaanza toka magharibi.

---

Kijana wa Mwenge

Imeanguka kwenye laptopu!!! Dada wewe ni mganga.

---

fundi_bomba_la_kodi

Mnazunguka sana. Weka `TZ: Africa/Dar_es_Salaam` kwenye paipulaini, testi inapita, kijani, kalale.

---

BintiKigamboni

Ndugu yangu, hapo atakuwa ameifumba testi macho. Seva ya kazi itabaki UTC na nesi ataendelea kupigwa faini, tofauti ni kwamba safari hii hata logi haitalia. Kinachotakiwa ni kodi yenyewe itaje `Africa/Dar_es_Salaam` pale inapogeuza muda kuwa siku, isitegemee saa ya mashine iliyoikuta. Kwenye hifadhidata muda ubaki UTC. Na testi iendeshwe mara mbili, TZ ya UTC na TZ ya Dar, zote zipite.

---

fundi_bomba_la_kodi

Kwa ofisi ya watu watatu hiyo ni mbwembwe. Badilisha saa ya seva nayo iwe ya Dar, mchezo umekwisha.

---

Mzee wa Seva

Utaisha mpaka siku mnahamia seva nyingine na anayehama hajui kuna saa ya kubadilisha. Niko na Binti hapa. Ila kwa usiku wa leo, kama marekebisho hayawahi, kubadilisha saa ya seva kutawaokoa watu wasipigwe faini Jumanne. Mkiiandika mahali kwamba ni kiraka.

---

Kijana wa Mwenge

Mrejesho wa Jumamosi.

Hatukubadilisha saa ya seva, nimerekebisha kodi. Testi zinapita kwa saa zote mbili. `|| true` nimekuta moja, kwenye hatua ya kukagua mtindo wa kodi, nimeitoa na yamemwagika maonyo 61, hayo nayaogopa. Pia hatua nyingine ilianza kuanguka bila kosa lolote, kumbe ina `grep` (amri ya kutafuta maneno) ndani ya bomba, na `grep` isipopata kitu inarudisha 1. Nayo niliipa `shell: bash` bila kufikiri. Hiyo nimeirekebisha.

Sasa aibu yangu. Nilitafuta ni badiliko lipi lililoharibu siku ile ya Jumapili. Ni langu. Nilisafisha ile sehemu ya tarehe nikiwa nyumbani, niliona ndefu bila sababu, nikaifupisha. Jamaa aliyeondoka aliandika testi ya kunizuia mimi hasa, na yeye huyohuyo akaweka `tee` iliyoiziba mdomo.

Nimempigia bosi leoleo, sikusubiri Jumatatu. Alinyamaza kidogo, akauliza ni watu wangapi. Kumi na wawili, faini zote zinarudishwa. Akasema nimpigie mweka hazina wa Mbagala mimi mwenyewe. Huyo mama ananiogopesha kuliko bosi.

---

Chapati Mbili

Mpigie mchana mkuu. Saa ya Dar lakini.

---

Tajiri wa Msasani

Mzee wa Seva ubarikiwe, nimepunguza testi zinazokwenda pamoja hadi 2, ile 137 sijaiona tena toka jana. Sasa inaandika 127.

---

Mzee wa Seva

127 ni amri haijapatikana. Umekosea jina la programu, au haijawekwa kwenye hiyo mashine. Na fungua uzi wako.