Naomba ushauri: kijana ninayemwongoza akifuata pumzi mbele za watu, hofu inazidi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Namwongoza kijana mwenye hofu ya watu katika mazoezi ya utulivu wa akili, dakika 10 kila asubuhi. Akiwa peke yake, kufuata pumzi, yaani kuzingatia inavyoingia na kutoka, kunamtuliza vizuri. Akisimama kikaoni, kuifuata kunamfanya asikie zaidi moyo unavyodunda na viganja vinavyolowa jasho; mawazo yote yanamrudia mwenyewe, sauti inakata. Tumejaribu kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, mara 3 tu. Bado.

Nafikiria tuiache pumzi, azingatie nyayo zinavyokanyaga sakafu, au sauti ya anayezungumza. Mliowahi kufundisha haya, tuanze na kipi? Na afanye mazoezi na mtu mmoja kwa muda gani kabla ya kurudi kikaoni?